Triathloni Fupi kwa Mkazi wa Kariakoo: Maji Kwanza, Baiskeli Baadaye

Triathloni ni shindano moja lenye michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na saa ya mshindani huendelea kuhesabu tangu anapoingia majini hadi anapovuka mstari wa mwisho, ukiwamo muda anaoutumia kuvaa viatu. Mchezo huu katika umbo lake la sasa ulianzia San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000, na umegawanyika katika masafa kadhaa ambayo mgeni hana budi kuyatofautisha kabla ya kujiandikisha popote. Masafa ya Ironman, yaliyoanzia Hawaii mwaka 1978, yana kilomita 3.8 za kuogelea, kilomita 180 za baiskeli na marathoni nzima. Ya Olimpiki yana mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Na triathloni fupi, ambayo ndiyo mada ya makala haya, ni nusu ya hiyo ya Olimpiki, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Mtu mzima mwenye afya, anayefanya kazi siku sita kwa wiki na asiye na kocha wa kulipwa, anaweza kujiandaa kwa masafa hayo kwa wiki 12 hadi 16 iwapo tayari anakimbia nusu saa bila kusimama na anaogelea kwa kiasi. Asiyejua kuogelea kabisa ana hesabu nyingine, na ni yeye hasa anayefikiriwa hapa.

Ukanda huu si mgeni tena katika mchezo huo. Mwezi Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, uliandaa kwa mara ya kwanza Ironman 70.3, ambayo ni nusu ya masafa ya Ironman kamili, na Muscat, mji ambao familia nyingi za pwani zina jamaa, ulikuwa umetangulia mwaka 2019. Dar es Salaam ina kila kitu ambacho maumbile yanaweza kuupa mji kwa ajili ya triathloni: bahari ya uvuguvugu mwaka mzima, barabara za pwani zisizo na milima, na vikundi vya jogingi ambavyo kila Jumamosi na Jumapili alfajiri hujaza barabara kwa nyimbo. Lakini mkazi wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani au Ilala, ambaye mbio anazipata kwa kikundi chake na baiskeli anaweza kuitafuta madukani na kwa mafundi wasio mbali na mlango wake, mara nyingi hajawahi kuogelea mita 50 mfululizo, ingawa bahari iko umbali wa kilomita tatu tu kutoka sokoni. Ushauri wa makala haya unatokana na hali hiyo: fedha, muda na subira ya mshindani mpya wa katikati ya jiji viende kwanza majini, na vinavyobaki ndivyo vigawanywe kwenye baiskeli na mbio.

Ushauri huo unaweza kuonekana kinyume na hesabu. Tuseme mshindani wa kawaida anaogelea kila mita 100 kwa dakika 2 na sekunde 40, anaendesha baiskeli kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, anakimbia kila kilomita kwa dakika 6, na anatumia dakika 4 kubadilisha vifaa. Atakaa majini dakika 20, juu ya baiskeli dakika 48 na mbioni dakika 30, hivyo atamaliza kwa saa 1 na dakika 42. Akijibana hata akapunguza sekunde 20 katika kila mita 100 za kuogelea, jambo linaloweza kumgharimu miezi, ataokoa dakika mbili na nusu tu, ilhali kuongeza kasi ya baiskeli kutoka kilomita 25 hadi 27 kwa saa humwokolea zaidi ya dakika tatu na nusu. Kwa mtu ambaye tayari ni mwogeleaji hesabu hiyo ni sahihi, na afuate anachoambiwa na saa. Kwa mgeni wa maji, hata hivyo, kuogelea hakupimwi kwa dakika zinazookolewa. Anayechoka juu ya baiskeli hupunguza mwendo, anayechoka mbioni hutembea, bali anayechoka au kuingiwa na hofu katikati ya maji hana mahali pa kusimama, na asipopata msaada shindano lake, na pengine maisha yake, huishia hapo.

Takwimu za nchi ambako mchezo huu umeenea zinathibitisha hofu hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliochunguza vifo na visa vya moyo kusimama ghafla katika triathloni za nchi hiyo kuanzia mwaka 1985 hadi 2016, ulikusanya matukio 135, na 90 kati yake yalitokea wakati wa kuogelea. Wengi wa waathirika walikuwa wanaume wa umri wa kati. Matukio hayo ni machache mno yakilinganishwa na idadi ya washiriki, lakini yanampa kila mwanamume aliyevuka miaka 40, hasa mwenye shinikizo la damu, kisukari au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla, sababu ya kumwona daktari kabla ya kuanza mazoezi. Mkazi wa Kariakoo hana kisingizio cha umbali katika hili: Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani, Amana iko Ilala, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Upanga ndani ya eneo la Muhimbili. Kupima shinikizo la damu ni kazi ya dakika chache na gharama yake haifiki hata bei ya miwani ya kuogelea.

Kujifunza kuogelea ukubwani kunahitaji bwawa, mwalimu na kutokuona haya. Mabwawa ya katikati ya jiji na maeneo jirani yako zaidi katika hoteli, shule na vilabu, na mengi hupokea watu wa nje kwa malipo ya siku au ya mwezi. Mwenye kuchagua atazame kwanza urefu wa bwawa, kwa maana bwawa la hoteli lililojengwa kwa ajili ya watoto na picha halimsaidii mtu anayehitaji kuhesabu masafa. Bwawa la mita 25 ndilo linalofaa, na mita 750 ndani yake ni kukata urefu mara 30. Fedha ambazo mtu angezitoa kununua baiskeli ya bei kubwa zilipe mwalimu kwa miezi miwili, maana makosa ya kuogelea ni ya aina ambayo anayeyafanya hayaoni: hajui kwamba miguu yake inazama, wala hajui kwamba anainua kichwa kizima kila anapovuta hewa.

Somo la kwanza ni pumzi, mikono na miguu hufuata. Mgeni huzuia pumzi akiwa ameinamisha uso majini, kisha anapogeuza kichwa hujaribu kutoa hewa na kuivuta kwa wakati mmoja, na baada ya mita 20 huhema kana kwamba amekimbia kilomita nzima, ingawa misuli yake haijachoka. Dawa yake ni kutoa hewa kwa mfululizo kupitia pua na mdomo muda wote uso ukiwa ndani ya maji, na zoezi hilo linaweza kuanzia kwenye kina kifupi mtu akiwa ameshika ukingo. Hufuata kuelea kifudifudi na chali bila kupiga chochote, kisha kuteleza baada ya kusukuma ukuta, na ndipo mtindo huru unapofundishwa, yaani mtindo wa kupeleka mkono mmoja mmoja mbele huku mwili ukilala na kugeuka kidogo ubavu kwa ubavu. Waliokulia kando ya bahari, ambao hupiga mbizi na kuogelea kichwa kikiwa juu tangu utotoni, wana ujasiri mkubwa majini, ila mtindo wao huzamisha kiuno na huwachosha mapema. Nao wanahitaji kufundishwa upya, na mara nyingi ndio wanafunzi wagumu zaidi kwa sababu hawaamini kwamba kuna cha kujifunza.

Mazoezi ya majini mara tatu kwa wiki, hata kama kila moja ni la dakika 40, hufaa kuliko zoezi moja refu la Jumapili, kwa kuwa mwili husahau hisia ya maji haraka. Mwanzoni mtu aogelee urefu mmoja mmoja wa bwawa kwa utulivu na kupumzika kati yake, kisha aunganishe miwili, minne, na kuendelea, bila kushindana na yeyote. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni kigumu kwa makusudi: mtu asilipe ada ya shindano kabla hajaogelea bwawani mita 1,000 bila kusimama, na kabla hajaingia baharini pamoja na wenzake angalau mara tatu.

Bahari ni somo la pili, na Dar es Salaam ina mambo yake ambayo vitabu vilivyoandikwa kwingine haviyataji. La kwanza ni kujaa na kupwa kwa maji. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3, na siku hizo maji hujaa kabla ya alfajiri na alasiri, kisha hupwa katikati ya asubuhi. Kwa hiyo anayefika Coco Beach saa nne asubuhi siku ya bamvua hukuta miamba mitupu na viumbe wenye miiba mirefu myeusi mahali alipotarajia kuogelea. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua na mikondo hutulia, nazo ndizo siku nzuri za mgeni. Maji hujaa takriban dakika 50 baadaye kila siku inayofuata, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania huchapisha majedwali ya maji, lakini hata asiye na jedwali anaweza kuwauliza wavuvi wa Feri, ambao riziki yao inategemea kulijua jambo hilo.

La pili ni upepo. Kusi, unaovuma kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, huleta mawimbi na mkondo wa kuelekea kaskazini, na asubuhi na mapema ndipo bahari inapokuwa shwari zaidi. Kaskazi, wa Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni mpole zaidi lakini huja na joto. La tatu, ambalo watu hulipuuza, ni uchafu. Mto Msimbazi, unaopita Jangwani nyuma tu ya Kariakoo na kubeba maji ya sehemu kubwa ya jiji, humwagika baharini hapo Salenda, na baada ya mvua za masika au za vuli maji ya eneo hilo na ufuko wa jirani hayafai kuogelewa kwa siku kadhaa. Anayeishi katikati ya jiji atafanya vyema kuvuka kwa pantoni kutoka Kivukoni hadi Kigamboni na kutafuta fukwe za kuanzia Mjimwema kwenda kusini, mbali na mlango wa bandari, ambako meli na boti hupita na ambako hakuna mtu anayepaswa kuogelea hata kwa mzaha.

Kuogelea baharini kunahitaji stadi moja isiyokuwepo bwawani, nayo ni kuinua macho. Baharini hakuna mstari uliochorwa chini, hivyo mwogeleaji asiyeinua macho kila baada ya mikono minane au kumi huenda upande bila kujua na huweza kuongeza mita 100 katika shindano la mita 750. Macho yainuliwe kidogo tu juu ya maji, kama ya mamba, yatafute boya au, kwa kuwa boya hufichwa na mawimbi, jengo refu lililo nyuma yake, kisha uso urudi majini na pumzi ivutwe ubavuni kama kawaida. Katika mazoezi mtu asiogelee peke yake, awe na mwenzake na mwingine ufukoni anayewatazama, na afunge kiunoni boya dogo la rangi kali. Asiyepata boya la dukani anaweza kutumia dumu tupu la lita tano lililofungwa kifuniko barabara na kamba fupi, ambalo litaonekana na waendesha boti na litamshikilia akichoka.

Hofu ya ghafla majini huwapata hata waogeleaji wazuri, hasa katika dakika tatu za kwanza ambapo mikono na miguu ya washindani hugongana na mapigo ya moyo hupanda. Mshindani mpya asimame pembeni au nyuma ya kundi, awaache wenye haraka watangulie kwa sekunde kumi, na aanze polepole kuliko anavyodhani inafaa. Hofu ikimpata, ageuke chali, atoe hewa yote, ahesabu pumzi chache, kisha aendelee. Ikizidi, ainue mkono na kuita mwokoaji. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, World Triathlon, zinamruhusu mshindani kushika boya au chombo kilichosimama ili apumzike mradi asikitumie kusonga mbele, na ni jambo la kusikitisha kwamba washiriki wengi hawalijui hilo, wakaendelea kuhangaika mita mbili kutoka kwenye mtumbwi wa uokoaji kwa kudhani wakiugusa wataondolewa. Mwandaaji naye aulizwe mapema ana waokoaji na vyombo vingapi majini, na daktari yuko wapi. Mwandaaji asiye na jibu la maswali hayo asipewe fedha ya mtu.

Wanawake wanaotaka kuogelea wakiwa wamejisitiri wana mfano wa karibu huko Nungwi, Unguja, ambako mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi maalumu yanayofunika mwili mzima. Kwa kuwa kanuni za mavazi hutofautiana kati ya shindano na shindano, swali hilo liulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa ada. Kuna vazi jingine, hata hivyo, ambalo mkazi wa pwani hii hana haja nalo: vazi nene la mpira linalovaliwa katika nchi za baridi. Kanuni hulikataza kwa washindani wa ridhaa katika masafa haya maji yanapofikia nyuzi 22, na bahari ya Dar es Salaam haishuki kufikia kiwango hicho. Hiyo ni gharama kubwa ambayo mshindani wa Ulaya huilipa na wa Kariakoo haimhusu.

Kuhusu baiskeli, jambo kubwa la kusema ni kwamba ya kawaida inatosha. Katika barabara tambarare uzito wa baiskeli hauna athari kubwa kama watu wanavyodhani, kwa sababu nguvu nyingi ya mwendeshaji humezwa na upepo anaoukata kwa kifua chake, na hilo hurekebishwa kwa kuinama na kuvaa nguo inayobana. Baiskeli za mtumba zinazotoka Japani, zenye gia chache na fremu imara, zinafaa, mradi mnunuzi asiondoke dukani kabla ya kutazama mambo matano: fremu isiwe na ufa wala kutu penye maungio, magurudumu yazunguke bila kupepesuka, breki zishike kwa kidole kimoja, cheni na meno yake visiwe vimelika, na gia zibadilike bila kuruka. Tairi zenye meno makubwa zibadilishwe kwa zile laini na zijazwe upepo hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Badiliko hilo dogo huongeza kasi kuliko kipuri chochote cha bei mbaya. Kimo cha siti kipangwe ili mguu ukiwa chini kabisa goti libaki limekunjwa kidogo, kwani siti ya chini, ambayo ndiyo mazoea ya mjini kwa kuwa inarahisisha kushusha mguu kwenye foleni, huumiza magoti katika kilomita 20. Mshindani ajifunze pia kubadili tyubu mwenyewe, kwa kuwa siku ya shindano fundi wa pancha hatakuwa kando ya barabara.

Kofia ngumu iwe ya baiskeli, si ya bodaboda, ambayo ni nzito na haipitishi hewa. Kanuni inataka ifungwe kidevuni kabla mshindani hajagusa baiskeli na isifunguliwe hadi baiskeli irudishwe mahali pake, na anayeisahau kanuni hiyo huadhibiwa hata kama alikuwa anaongoza. Katika mashindano mengi ya ridhaa ni marufuku pia kujibanza nyuma ya mwenzako ili akukingie upepo. Nafasi ya mita 10 huachwa kati ya baiskeli na baiskeli.

Mahali pa kufanyia mazoezi ya baiskeli ndilo tatizo gumu la Kariakoo. Mitaa ya Msimbazi, Kongo, Uhuru na Swahili imejaa mikokoteni, bajaji, bodaboda na mizigo inayoshushwa, na tangu mpango wa biashara ya saa 24 uzinduliwe mwaka 2025 hata usiku haitegemeki kuwa mitupu. Njia za mwendokasi zinavutia kwa uwazi wake lakini ni za mabasi, na mwenye baiskeli anayeingia humo anavunja sheria na kuhatarisha maisha yake. Njia salama zaidi ni kutoka kabla ya jua kuchomoza siku ya Jumapili, taa zikiwa mbele na nyuma, kupitia Sokoine na Kivukoni hadi Barabara ya Barack Obama, kisha kuvuka Daraja la Tanzanite kuelekea Oysterbay na Masaki na kurudi kabla ya saa mbili. Anayetaka wenzake wa safari na ushauri wa haki za barabarani anaweza kuwatafuta UWABA, chama cha waendesha baiskeli wa jiji.

Eneo la kubadilishia, yaani uwanja mdogo ambamo baiskeli hutundikwa na viatu hupangwa, hulipa kuliko mazoezi yoyote kwa kiasi cha muda unaotumika. Mgeni hupoteza humo dakika tano au sita kwa kutafuta baiskeli yake, kufuta miguu na kuhangaika na soksi zilizogandamana na maji. Aliyefanya mazoezi hutumia dakika mbili. Zoezi lake linawezekana uani au hata juu ya paa la nyumba: taulo dogo chini, raba zenye lastiki badala ya kamba, poda ndani ya raba, chupa ya maji ya kusafishia mchanga, na kofia juu ya usukani ikiwa kichwa chini ili iwe kitu cha kwanza kushikwa. Mpangilio huo urudiwe jioni mara kadhaa hadi mikono iujue gizani, na asubuhi ya shindano mtu atembee kutoka mlango wa majini hadi baiskeli yake akihesabu mistari, maana baiskeli mia moja hufanana kwa mtu aliyetoka majini akiwa na kizunguzungu.

Mbio hazihitaji maneno mengi kwa msomaji aliye tayari katika kikundi cha jogingi. Kitu kipya kwake ni uzito wa miguu baada ya baiskeli, na hilo huzoeleka kwa mazoezi ya kuunganisha, ambapo mara moja kwa wiki mtu hushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo kwa dakika 10 au 15. Viwanja vya Mnazi Mmoja vinafaa kwa hilo. Raba za mtumba za soko la Karume zinafaa zikichaguliwa kwa makini, lakini zile zilizokaa miaka mingi soli yake hukauka na kuwa ngumu ingawa juu zinang'aa, kwa hiyo mnunuzi abonyeze soli kwa kidole gumba na akunje kiatu kabla ya kuvutiwa na rangi.

Ratiba nayo ifuate kazi ya mtu. Karani aliyekaa kutwa anahitaji mazoezi sita kwa wiki, lakini msukuma mkokoteni au muuza duka aliyesimama saa kumi ameshafanya nusu ya kazi ya miguu, na kumwongezea mbio za jioni ni kumwibia usingizi. Huyo abaki na kuogelea mara tatu, baiskeli mara moja na mbio mara moja. Katika mwezi wa Ramadhani mwenye kufunga apunguze ukali, afanye mazoezi mepesi saa moja kabla ya futari au baada ya tarawehe, na asiende baharini akiwa na kiu.

Chakula cha asubuhi ya shindano kiliwe saa mbili na nusu hadi tatu kabla, kiwe kile ambacho tumbo limekizoea: uji, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha au mkate mkavu. Maharage, supu yenye mafuta na chipsi mayai vingoje hadi baadaye. Juu ya baiskeli chupa moja ya maji inatosha watu wengi kwa masafa haya. Dafu, ambalo wengi hulisifu, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na jasho la pwani hutoa hasa sodiamu. Chumvi kidogo katika maji ya limau yenye sukari, au pakiti ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini, hufaa zaidi kwa anayetoka jasho jingi.

Kuhusu mwendo, historia ya riadha ya Tanzania inatoa mifano miwili inayopingana. Filbert Bayi, mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, ilhali Alphonce Simbu, katika marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, alivumilia hadi hatua za mwisho na kushinda kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mshindani mpya wa triathloni amwache Bayi kwa wenye mapafu ya Bayi. Aogelee kwa mwendo ambao angeweza kuuendeleza mara mbili ya umbali huo, aendeshe kilomita tano za kwanza akiwa bado anaweza kuzungumza sentensi nzima, na abakize nguvu kwa kilomita mbili za mwisho za mbio, ambapo waliotangulia kwa pupa huanza kutembea mmoja baada ya mwingine. Asiyejiamini bado majini anaweza kuanza na shindano la kupokezana, ambapo watu watatu wa kikundi kimoja hugawana michezo, au na duathloni, ambayo ni mbio, baiskeli na mbio tena.

Baada ya shindano mshindani atembee dakika kumi kabla ya kukaa, anywe maji yenye chumvi kidogo, na ale ndani ya saa moja, hata kama ni mihogo na samaki wa Coco Beach. Jioni hiyohiyo baiskeli ioshwe kwa maji ya bomba, ikaushwe na cheni ipakwe mafuta, kwani chumvi ya bahari iliyodondoka kutoka mwilini hula cheni kwa siku chache. Miwani na nguo za kuogelea zisuuzwe na kuanikwa kivulini. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida, ila maumivu ya kifua, mkojo wa rangi ya chai au sikio linalouma na kutoa maji ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na mazoezi ya majini yanaweza kuanza tena baada ya siku tatu au nne, kwa urefu mmoja mmoja wa bwawa.